Tope Linalotembea

Maneno niliyoyasema Sahare, Tanga, asubuhi ya bamvua, mbele ya wavuvi, wakulima wa mwani, walimu na wanafunzi. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nimepunguza tu pale niliporudiarudia.

Wazee wangu, mama zangu, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mlioacha mpira mkaja kunisikiliza, asalaam aleikum, na hamjambo wote.

Nimeomba tukae hapa chini ya mkungu badala ya ukumbini kwa sababu nilitaka maji yapwe mbele ya macho yetu. Mwezi mpevu umepita juzi, ni bamvua, na nyinyi mnajua kuliko mimi kwamba bamvua la kwetu hukauka mnamo saa nne au saa tano za asubuhi. Sasa tazameni lile tope, pale mbele ya mikoko ile ya michu. Maji yalipoliacha lilikuwa la kijivu, sote tumeliona. Hivi sasa limeanza kugeuka, limekuwa na hudhurungi yenye umanjano, kama mtu aliyepitisha juu yake maji ya binzari. Hakuna aliyelipaka. Rangi ile imetoka ndani ya tope ikapanda juu, na imepanda kwa kutembea.

Neno kutembea nalitumia kwa maana yake kamili. Rangi ile haikuelea wala haikusukumwa na maji, maana maji yameshaondoka. Kila chembe yake ni kiumbe hai cha seli moja kiitwacho diatomu. Nayo huhesabiwa kuwa mwani, ingawa undugu wake na ule wa shambani tunaoufunga kwa vikamba vya taitai ni wa mbali sana. Haina miguu. Haina mapezi. Haina hata vile vinyweleo ambavyo viumbe wengine wa seli moja huvitumia kama makasia. Imefungwa ndani ya bweta la kioo, na bado inakwenda.

Bweta la kioo lenyewe ni kweli tupu. Diatomu huchota silika iliyoyeyuka majini, kitu kile kile kinachofanya mchanga mweupe na vioo vya madirisha, na kujitengenezea nyumba ya vipande viwili, kimoja kimefunika kingine kama bweta na kifuniko chake. Nyumba hiyo ina matundu na mistari iliyopangwa kwa ustadi ambao sijauona kwenye mlango wowote wa nakshi, na watu wa hapa wanajua milango ya nakshi. Urefu wake? Chukua diatomu ya maikromita 50, ambayo ni ya kawaida tu. Ukizipanga 20 kwa mstari, kichwa kwa mkia, utapata milimita moja. Kwenye tope lililostawi, eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba laweza kubeba mamia ya maelfu. Ndiyo maana moja haionekani kwa jicho, lakini zikipanda pamoja pwani nzima inabadilika rangi.

Si diatomu zote zinazotembea. Zile za duara, kama sarafu au kopo, nyingi huelea majini na kupelekwa na mkondo. Zinazotembea ni zile ndefu, zenye ncha mbili kama dau, na siri yao ni ufa mwembamba uliochanwa kwenye bweta kwa urefu wake. Jamii moja kubwa ya diatomu hizi inaitwa Navicula, neno la Kilatini lenye maana ya chombo kidogo cha baharini. Sisi tungesema kidau. Katika jamii nyingine ufa huo umekaa juu ya mgongo uliojitokeza, na wataalamu wanauita mgongo huo mkuku, kama mkuku wa jahazi. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza nilifurahi mno. Watu wa mbali walioinamia hadubini zao walijikuta wakisema lugha ya mabaharia.

Basi niendelee na lugha hiyo. Mvuvi akipita kwenye maji mafupi na upepo umelala, anafanyaje? Anachukua upondo. Anasimama omo, anauchomeka upondo kwenye mchanga, kisha anausukuma huku akitembea juu ya dau kuelekea tezi. Upondo haukwenda popote. Yeye amekwenda nyuma, dau limekwenda mbele. Diatomu inafanya jambo linalokaribiana sana na hilo. Kupitia ule ufa inatoa nyuzi za ute, na ute unanata kwenye tope, kwenye jiwe, kwenye jani la mwani. Huo ndio upondo. Ndani ya bweta, sambamba na ufa, zimelala reli za protini iitwayo aktini, na juu ya reli hizo hutembea protini nyingine, mayosini, iliyoshikamana na ute ulioko nje. Mayosini inavuta kuelekea tezi, ute umeshika pale pale, na bweta zima linateleza kuelekea omo. Uzi ukifika mwisho unaachiwa, unabaki nyuma kama unyayo. Ikitaka kurudi haina haja ya kugeuka. Tezi inakuwa omo, na safari inaanza upya.

Maelezo haya hayakupatikana kwa siku moja. Mdenmark mmoja, O. F. Müller, aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1780 habari za diatomu iliyomshangaza: seli nyingi zimejipanga bega kwa bega kama fito, ghafla zinateleza moja juu ya nyingine mpaka zinakuwa mstari mrefu, kisha zinarudi zilivyokuwa. Kwa miaka 200 watu walikisia. Wako waliosema kuna maji yanayotoka kwa nguvu, wako waliotafuta miguu isiyoonekana. Mwaka 1984 Edgar na Pickett-Heaps wakaeleza habari hii ya ufa, ute na aktini, na mwaka 1999 watafiti wengine wakatumia dawa zinazozuia aktini na mayosini kufanya kazi. Diatomu zikasimama. Dawa ilipoondolewa, zikaondoka tena.

Nataka wavuvi walisikie hili vizuri: aktini na mayosini ndizo zilizomo kwenye misuli ya mkono unaovuta jarife. Chombo kinachoendesha vumbi lile la tope ni kile kile kinachokuendesha wewe.

Mwendo wake ni wa maikromita 1 hadi 25 hivi kwa sekunde. Msicheke. Tuseme inakwenda 10, ikashika njia moja bila kusimama tangu maji kujaa hadi kupwa, saa sita. Fanyeni hesabu, wanafunzi. Ni sentimita 21 na ushee, karibu shubiri moja. Kiumbe chenye urefu wa maikromita 50 kimekwenda shubiri.

Mama mmoja ameniuliza kabla hatujaanza, "Mwalimu, kinatembea kwenda wapi?" Ni swali kuliko maswali yote, na jibu lake lina kimo cha milimita mbili au tatu tu.

Mwanga wa jua haupenyi tope zaidi ya hapo. Chini yake ni giza kama la kaburini. Diatomu inaishi kwa jua, hujipikia chakula chake kwa mwanga kama muhogo au mnazi, kwa hiyo lazima ipande. Lakini maji yakijaa, wimbi linafagia uso wa tope na kuchukua kilichoko juu. Kwa hiyo lazima ishuke. Inapanda maji yakishapwa na jua likiwa juu, na inashuka kabla maji hayajarudi. Sikilizeni neno "kabla". Haingojei kuguswa na wimbi. Inajua.

Nilipata shida kuliamini hili mpaka nilipolifanya nyumbani. Nilichota tope la hapa hapa, nikalitandaza kwenye sahani, nikaliweka dirishani, mbali na bahari. Juu yake nikalaza karatasi laini ya kufutia lenzi. Diatomu zilipanda zikaingia kwenye karatasi, nikaibandua na kuitia chini ya hadubini, ikawa imejaa vidau vya dhahabu vinavyopishana. Kesho yake zilipanda tena, na zilipanda majira ya maji kupwa, ingawa kwenye sahani ile hapakuwa na maji ya kupwa wala kujaa. Mmarekani Palmer na Mwingereza Round waliandika mwaka 1967 juu ya diatomu ya jamii ya Hantzschia iliyofanya hivyo hivyo katika maabara yenye mwanga usiozimwa, ikifuata majira ya pwani ilikotoka, na kuchelewa kila siku kama maji yanavyochelewa. Mzee wangu mmoja hapa Sahare hajawahi kushika kalenda ya maji. Anatazama mwezi anakwambia saa. Diatomu haina hata mwezi wa kutazama, ina seli moja.

Na jua nalo likizidi, zinashuka kidogo. Jua letu la saa sita mchana linaunguza mitambo yao ya kupikia, kwa hiyo zinajificha nusu milimita chini, kama sisi tulivyojificha chini ya mkungu huu, kisha zinapanda tena. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama yao ni tope.

Kuna safari nyingine ambayo sitakaa nayo sana, maana watoto wapo, lakini ni nzuri. Diatomu ikijigawa, kila mtoto anarithi nusu ya bweta na kujitengenezea nusu ya ndani. Nusu ya ndani ni ndogo siku zote. Kwa hiyo katika aina nyingi, vizazi vinazidi kupungua kimo mpaka inafika mahali ni lazima zikutane mbili, za jinsi mbili tofauti, ndipo kizazi kirudi kwenye kimo chake. Katika aina moja iitwayo Seminavis robusta watafiti walionesha mwaka 2013 kwamba seli ya jinsi moja hutoa kemikali majini, na ya jinsi ya pili huteleza kuifuata mpaka ikampata mwenzake. Bila kutembea, ukoo ungekwisha.

Sasa nije kwenu, maana najua kuna aliyekwisha kusema moyoni, "Haya yote ni mazuri, lakini sufuria langu halichemki kwa diatomu."

Linachemka kwa diatomu. Mkizi mnaemla, mdomo wake umeumbwa kufyonza uso wa tope. Anachukua ile rangi ya binzari. Mwatiko hivyo hivyo. Tondo wanaookotwa chini ya mikoko, wakiwa wadogo, hula uso wa tope kabla hawajakua na kuanza kula majani ya mkoko yaliyoanguka. Wale kaa wadogo wenye gando moja kubwa, mnaowaona wakipeleka tope mdomoni kwa gando dogo kama mtu anayekula ubwabwa, wanachuja diatomu na wenzake na kutema vidonge vya mchanga. Kaa wanaliwa na samaki maji yakijaa na ndege maji yakipwa. Hata watoto wa jongoo bahari, wafugaji huwatandikia vibao vilivyoota diatomu ili wakubali kutua. Shamba linaanzia pale, na ni shamba ambalo mazao yake hujipeleka yenyewe juani asubuhi na kujirudisha ghalani.

Nitasema kisa kimoja kilichoniuma. Nilikuwa karibu na kikundi kilichochimba bwawa la mwatiko nyuma ya mikoko. Bwawa lilikaa vizuri, sakafu yake ikaota utando mzito, hudhurungi na kijani, unaoteleza. Samaki walinenepa. Akaja mgeni mmoja kukagua, akaona ule utando, akasema bwawa ni chafu, lisafishwe. Wakakausha maji, wakakwangua sakafu mpaka udongo mtupu, wakarudisha maji. Mwatiko walikonda mpaka ukiwashika unahisi mifupa. Ule uliokwanguliwa ndio uliokuwa chakula. Ufilipino, ambako mwatiko wamefugwa kwa vizazi, wafugaji wana jina maalumu la utando huo na wanaulima kwa makusudi kabla ya kutia vifaranga. Sisi tuliulipia vibarua watutolee. Sikuwa na la kusema siku ile kwa sababu sikuwa nimejua. Leo ninalo.

La pili ni ule ute. Kila diatomu inayopita inaacha uzi nyuma yake. Mamia ya maelfu ya vidau kwenye kila ukucha wa tope, wakipanda na kushuka kila siku, wanafuma. Nyuzi zile zinashika chembe za udongo pamoja kama uji wa muhogo unavyoshika karatasi. Tope lenye diatomu linahimili wimbi kuliko tope tupu, hilo limepimwa mara nyingi na katika pwani nyingi. Na tope likitulia, tunda la mkoko lililojichomeka linapata nafasi ya kutoa mizizi kabla halijang'olewa. Mnapopanda mikoko, jambo ambalo nalipongeza, angalieni kwanza tope lenyewe lina rangi gani maji yakipwa.

Ute huo huo ndio unaokuangusha kwenye ngazi za gati, na ndio unaoanza kwenye mbao za chombo siku chache tu baada ya kushushwa majini. Wazee walipaka deheni ya chokaa na mafuta, na sifa, yale mafuta ya papa, wakakipandisha chombo pwani wakakikwangua, na kilirudi kuteleza. Leo matajiri wa meli wanatumia rangi za kila namna, nyingine laini kama mpira ambazo viumbe wengi wa baharini hushindwa kuzishika, na diatomu bado zinazishika na kutembea juu yake. Meli yenye utelezi hunywa mafuta zaidi. Siilaumu diatomu. Haijui tofauti ya jiwe na meli.

Na haijui joto na baridi kama tunavyodhani. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Qing Zhang na Manu Prakash pamoja na wenzao, walitoa habari za diatomu walizozichimbua kwenye barafu ya bahari ya Aktiki, katika Bahari ya Chukchi. Mlidhani ndani ya barafu kiumbe amelala, sivyo? Na wengi walidhani hivyo. Zilionekana zikiteleza kwenye barafu penye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, baridi kali kuliko yoyote ambayo seli ya aina yao, seli yenye kiini kama zetu, ilikuwa imewahi kuonekana ikitembea. Fungueni lile boksi la barafu la samaki mtie mkono humo. Barafu ile ina nyuzi sifuri. Nyuzi kumi na tano chini ya hapo bado kuna vidau vinavyopiga pondo. Na ndugu zao wa bahari za joto la wastani walipowekwa juu ya barafu hawakuweza kutembea. Kila pwani imepata wapiga pondo wake.

Ukijumlisha zinazoelea na zinazotembea, diatomu zinafanya karibu sehemu moja ya tano ya kazi yote ya mimea duniani ya kugeuza mwanga kuwa chakula na kutoa oksijeni. Zikifa, mabweta yanabaki. Kariandusi, kule Gilgil, Kenya, kuna kilima cheupe kilichochimbwa kwa miaka mingi, na weupe ule ni mabweta ya diatomu za ziwa la kale. Niwaambie na hili, kwa kuwa niko Tanga, ambako baruti ilitumika kuvulia samaki. Mwaka 1867 Alfred Nobel alipopata namna ya kutengeneza baruti isiyolipuka ovyo, alichanganya mafuta ya mlipuko na unga wa mabweta haya haya. Baruti zilizovunja miamba yetu hazikuwa lazima na unga huo ndani yake. Lakini kila mara niliposikia mlipuko ule zamani, nikiwa pwani asubuhi, nilikumbuka kwamba ulianzia kwenye kiumbe kinachokuza watoto wa samaki.

Nimalize na kifusi. Miaka michache nyuma, upande mmoja wa hori letu, kuna mwenye kiwanja aliyemwaga kifusi juu ya tope ili apate ardhi ya kujengea. Nilikwenda kusema naye. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, pale hapana kitu, ni tope." Diatomu inaweza kufukiwa na udongo wa milimita chache baada ya mvua ya masika, ikaupanda na kutokea juu. Inaweza kuvumilia giza kwa wiki kadhaa. Matofali na zege haiwezi kuyapanda. Nimekwenda pale mara nyingi tangu siku ile, wakati wa bamvua, na ukingo wa kifusi unaonekana wazi. Upande huu binzari, upande ule kijivu tangu asubuhi hadi jioni, na tondo hakuna.

Hadubini iko pale mezani, na mwalimu wa fizikia amekubali kuishikia kioo ipate mwanga. Watoto watangulie, kisha akina mama. Nimeweka tone moja la tope la leo. Mtaona vidau, vingine vimesimama, vingine vinakwenda mbele na kurudi nyuma, na mkitulia mtaona punje ya udongo ikibebwa mgongoni kutoka omo hadi tezi. Msichelewe. Maji yatageuka muda si mrefu, nazo zitaanza kushuka hata humo ndani ya tone.